Upande wa Bamama

Butembo, 9/5/2023

Mama yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa papa. Mguu wake umeendeleaje? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaumwa. Unisamehe nilivyoondoka kanisani Jumapili bila kuaga. Nilipoona damu kwenye paji la uso la Mzee Timothée, mkuu mzima wa baraza la wazee, na mashini yangu ya kuruka imelala miguuni pake, nilishindwa kukutazama.

Unakumbuka nilivyokueleza. Nyuki akiruka kati ya kuta mbili, ukuta wa karibu unapita haraka machoni pake, wa mbali unapita polepole. Akiona upande mmoja unakimbia sana, anasogea mbali nao, mpaka pande zote zikimbie sawa. Ndivyo anavyopita katikati. Mashini yangu nimeipa macho ya namna hiyo, ili siku moja ipite yenyewe chini ya mikakao yako. Katika mazoezi, kanisa likiwa tupu, ilipita mara ishirini bila kugusa hata benchi. Jumapili, mbele ya watu wote, ikaenda moja kwa moja upande wa wanaume. Sijui kwa nini.

Jury ya chuo inakuja Bungulu tarehe 10 mwezi wa sita kuiona ikiruka humo, maana vipimo vyote vya mémoire yangu ya kumaliza masomo ni vya kanisa letu. Isiporuka, mwaka wangu umeanguka. Na sasa nasikia wazee wamekataza mashini isiingie tena. Mama, nafikiri niache.

Simu yako haipatikani, kwa hiyo nampa dereva Maulidi barua hii.

Binti yako, Hadassa

Bungulu, 12/5/2023

Hadassa mwanangu,

Amani iwe kwako. Papa analalamika siku nzima, donc amepona. Simu niliizima mwenyewe, watu walikuwa wanapiga kuuliza habari za mzee. Ameshonwa nyuzi tatu. Nimekukasirikia kwa jambo moja tu, kukimbia. Mtu akimwumiza mzee, anabaki na kuomba msamaha, hata kama mkono uliomwumiza ni wa mashini.

Kuacha sitaki kusikia. Hapa kwetu, kama Beni yote, kitu kikilia angani watu wanafikiri vita, unajua mwenyewe. Wiki mbili nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwaambia bamama wenzangu, hiki ni cha mtoto wetu, msiogope. Na hakuna aliyekimbia. Ulipoiachilia, tulisimama wote upande wetu wa kushoto, tukaipungia vitambaa kama tunavyopokea mgeni, ijue kwamba iko kwao. Nayo ikatukimbia. Hilo liliniuma kuliko damu ya mzee, Mungu anisamehe.

Mama yako, Orpa

Butembo, 16/5/2023

Mama mpendwa,

Salamu, na pole kwa mawazo. Barua yako nimeisoma mara nne. Mlipunga vitambaa? Nilikuwa nimeinamia kompyuta, sikuwaona.

Basi sikia. Vitambaa mia moja vikikimbia kushoto, kwa macho yale huo ni ukuta ulio karibu kabisa. Ikaukwepa, ikaenda kulia, kwa wanaume waliokaa kimya na mikono mapajani kama kawaida yao. Haikuwachukia ninyi. Ni mimi niliyesahau. Nimekulia katika kanisa lile na najua bamama hawaoni kitu kizuri wakatulia.

Nimemwandikia mzee kuomba msamaha. Nimesema kosa ni langu peke yangu. Wewe usijisumbue.

Binti yako, Hadassa

Bungulu, 24/5/2023

Mwanangu,

Habari za huko? Sisi tuko wazima. Barua yako mzee aliisoma mbele ya baraza. Ulisema kosa ni lako peke yako. Nami nilikuwa nimekaa pale, kiongozi wa bamama, nikanyamaza. Niliona aibu sana.

Kesho yake nikaenda nyumbani kwa mzee.

“Papa, ni mimi niliambia bamama bapunge bitambaa.”

Akagusa nyuzi zake. “Na mutoto anajua?”

“Anajua. Alikuwa anataka kunificha.”

Akanisogezea chai. “Mulango nitafungua,” akasema. “Lakini batu baingie. Kanisa bila batu, hata popo anapita. Na bamama baikale na mikono chini.”

Basi tarehe kumi, uje.

Mama Orpa

Bungulu, 11/6/2023

Hadassa wangu,

Natumaini mlifika salama. Gari la jury liliondoka kabla sijakufikia. Najua ulinitafuta kwenye benchi la mbele, na najua uliumia kutoniona.

Bamama waliweza. Mwenzangu Jokébed alikusanya vitambaa vyote akavikalia. Ni mimi ambaye sikujiamini. Nyumbani nilimwambia papa apite mbele yangu ameinua sahani kama mashini, nijaribu kutulia. Mikono ikainuka yenyewe. Kwa hiyo nilibaki nje, upande wa barabara, nikaisikia ikilia humo ndani, inaenda, inaenda, halafu kimya. Sauti ya kwanza kushangilia ilikuwa ya Mzee Timothée.

Hapo nikatoa kitambaa changu, nikapunga peke yangu barabarani huku nalia. Motard mmoja akasimama, akidhani nasimamisha pikipiki.

“Mama, tunaenda wapi?”

“Siendi fasi yoyote, mutoto wangu. Niko nashangilia binti yangu.”

Akazima pikipiki yake, akangoja nimalize.

Mama yako