Kurasa za Mwali

Kilakala, Morogoro
Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa Yustina,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo dada. Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, nami nimeona nikuandikie wewe kabla ujasiri haujaniishia. Nitalifikia. Kwanza, habari za huko unovisini, kwenye malezi ya usista? Mama anauliza kama baridi ya asubuhi haikuumizi kifua. Sisi hatujambo. Bibi ameshuka kutoka Mgeta na njegere za kutosha mtaa mzima, na anasema nimekondeshwa na vitabu.

Siku unaondoka uliniambia nifute kurasa zote za intaneti ulizozihifadhi kwenye kompyuta, kwa kuwa hutazihitaji tena. Sikufuta. Juzi Mjomba Agustino akatuma ujumbe kwamba anakuja kuichukua kompyuta yake, binti yake Glory anaihitaji chuoni, naye ataisafisha yote ianze upya. Bibi aliniona nimenyong'onyea, akauliza kuna nini. Nilipomweleza, akasema mnovisi ni kama mwali aliyewekwa ndani: hapelekewi mambo ya nje, lakini vitu vyake havigawiwi wala havitupwi mpaka atoke. Mama akacheka, akamwambia hizo ni kurasa tu, si shanga. Bibi akajibu kwamba hata shanga haziliwi, na bado tunazitunza.

Basi nikatafuta kwenye kivinjari mahali pa kuzitoa zote ziwe faili moja. Faili likatoka, nikalifungua kwa programu ya kuandikia, nikakuta alama na tarakimu zimejazana, majina ya kurasa yamezama humo. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Nikaliweka kwenye flashi, nikaenda Mwembesongo kwa Said wa steshenari. Unamjua alivyo. Aliniita profesa, akaniuliza mbele ya wateja kama kwetu tunapika mpunga na maganda yake. Kisha akalifungua kwa kivinjari chenyewe, na majina yakajipanga mstari kwa mstari, yanasomeka vizuri: kuoka mkate kwenye jiko la mkaa, ukungu wa nyanya, nyota za kusini, mishono ya sare za kwaya. Dada, ilikuwa kama nasikia sauti yako jikoni.

Nikamwuliza zile tarakimu ndefu zilikuwa za nini. Akasema ni tarehe, maana kila ukurasa hubeba siku uliyohifadhiwa, ila kompyuta huihesabu kwa sekunde, kama mkwe anayengoja mahari. Akanigeuzia ya kwanza kabisa iwe tarehe ya kawaida. Ulikuwa ukurasa wa shirika la masista wenu. Uliuhifadhi ukiwa kidato cha tatu.

Sasa nimelifikia. Hapa mtaani walisema umekimbilia utawa kwa sababu hukuchaguliwa chuo. Mama Joyce alisema bombani, nami nikisikia, kwamba aliyenyimwa kalamu huchukua rozari. Niliamini, dada. Kila Jumapili baada ya komunyo nilimwomba Mungu masista wakurudishe nyumbani, nikidhani nakuombea mema. Kumbe wakati mimi bado nakusumbua unisomee hadithi, wewe ulikuwa tayari unajua unakokwenda. Nililia pale kwenye benchi la Said. Alizima redio, akajifanya anatafuta karatasi.

Mama na Bibi wanakusalimu sana. Bibi anasema siku utakapotoka vigelegele ataanza yeye. Said naye anakusalimu, anaomba umwombee wateja wasiokopa.

Said alinichapia orodha yote. Nimeiweka kwenye sanduku lako, chini ya vitenge, na ufunguo anao Bibi. Sikutumii nakala, kwa kuwa mwali hapelekewi. Kwenye kompyuta nilizifuta mwenyewe, kama ulivyoagiza, ndipo nikamkabidhi Mjomba. Leo baada ya komunyo nilipiga magoti, na sikuomba urudi. Niliomba baridi isikuumize kifua. Kisha nikarudi nyumbani, nikakaa na Bibi kumenya njegere.

Mdogo wako akupendaye,
Fidelis