Mkaguzi Anachechemea

Jumatatu, 4 Machi

Mkaguzi anachechemea. Mguu wa kushoto. Asubuhi nilipofungua banda wenzake walitoka mbio, yeye akabaki mlangoni ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemuumiza. Nikamwambia usinitazame hivyo, sema nani kakupiga. Hakusema.

Jina nilimpa mwenyewe. Hakuna sufuria asiyoichungulia, hakuna kitanda asichokikagua. Kuku wengine ni wa mayai na mchuzi. Huyu ni wangu.

Nimemuuliza mjukuu wangu Kibogoyo (meno ya mbele yamemtoka yote, ndiyo maana) kama kuna aliyemrushia jiwe. Akaapa kwa vidole viwili. Mama yake sikumuuliza. Mimi na mkaza mwanangu hatusemeshani, hii wiki ya pili.

Jumanne, 5 Machi

Niandike vizuri nisije nikasahau nani alianza.

Mkaza mwanangu ni msusi. Wateja anawasukia kwenye baraza yangu. Sikatai — mume wake, mwanangu huyo, yuko njiani na lori mwezi hadi mwezi, na watu lazima wale. Basi akaja mama mmoja, paji limeanzia huku limeishia kule, anataka misuko ya kuvutwa nyuma. Nikamwambia, mwenzangu, kwa paji hilo utaonekana sahani. Nimetukana? Nimesaidia. Akainuka nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama, akaenda zake. Hajarudi. Mkaza mwanangu akaniambia, Mama, unanifukuzia riziki. Mimi huyo! Kwenye nyumba ambayo matofali yake niliyabeba kwa kichwa hiki.

Tangu hapo kimya. Kimya lakini si sana. Tunaongea na kuku.

Leo nilimwambia Mkaguzi, kwa sauti ya kutosha: bibie, humu ndani kuna watu wanaacha sabuni majini mpaka inakuwa uji. Jioni mkaza mwanangu naye anamtupia punje za mchele: kula, Mkaguzi, wewe angalau ukipewa chakula husemi hakina chumvi. Kibogoyo alicheka mpaka akapaliwa.

Hakikuwa na chumvi.

Alhamisi, 7 Machi

Mguu umezidi. Kidole cha kati kimevimba, kimeiva kama bilingani. Hataki kukanyaga kabisa, anaruka kwa mguu mmoja, halafu anakaa kupumzika kama mzee. Nimetazama na miwani, nimetazama bila miwani. Sioni kitu.

Nimempigia simu bwana mifugo. Yuko mbali, hawezi kuja wiki hii. Anasema ama kuna mwiba, ama kuna kitu kimemfunga, mtazame kwa karibu, bibi. Kidole kikiwa cheusi kitakatika. Uozo ukipanda mguuni, ndiyo basi tena kuku.

Kwa karibu, anasema. Hapo karibu ndipo nisipoona siku hizi. Mbali naona mpaka dhambi za jirani.

Na huyo jirani kaniambia mchinje mapema kabla hajakonda. Nikamwambia na wewe goti lako bovu mwaka wa pili, mbona hatujakuchinja?

Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu kapiga simu. Alianza kwa kuuliza hali yangu mara mbili, nikajua kuna jambo. Mke wake kapata chumba mtaa wa juu. Kina mlango wa barabarani, atasukia humo na kulala humo. Yeye na Kibogoyo. Ijumaa wanahama. Mama, anasema, si ugomvi, ni kazi tu.

Nikamwambia vizuri, nyumba itapata hewa. Nikakata simu.

Hewa gani.

Mkaguzi hajala leo.

Jumapili, 10 Machi

Nilikuwa nimempakata uani, beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi miguuni, nahangaika na kile kidole peke yangu. Mkaza mwanangu akapita na ndoo. Akarudi. Akasimama. Kisha akamwambia kuku: Mkaguzi, mwambie mwenye mapaja akushike mabawa.

Nikashika.

Akapiga magoti, akakigeuza kidole kwenye mwanga. Kumbe rasta! Nyuzi mbili tatu za zile nywele za bandia anazosukia wateja, za zambarau, zimezunguka kidole, zimekaza, zimezama mpaka nyama imezifunika. Aliingia ndani akatoka na sindano na kale kamkasi kake. Anainua uzi kwa ncha ya sindano, anakata. Anainua, anakata. Kuku alitetemeka lakini hakupiga kelele. Vidole vya msusi ni vitu vingine. Mimi ningemkata mguu mzima.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu si mgeni, kaanguliwa hapa hapa, na kamba imemkuta.

Sasa mimi mdomo uliniwasha. Nikasema: umeona, Mkaguzi? Anayekupa punje ndiye aliyekufunga.

Naye hakuinua hata macho. Mkaguzi, rasta ni zangu, nakubali. Lakini ufagio wa uani ni wa nani, na nani mwingine anaruhusiwa kuushika?

Ufagio ni wangu. Kila mtu anajua uani hafagii mtu ila mimi.

Nikayakaza mabawa. Si kwamba nilikosa jibu. Kuku alikuwa anaumwa.

Jumanne, 12 Machi

Asubuhi na jioni tunamwosha. Mimi nashika, yeye anasafisha na kufunga kitambaa. Nusu ya kidole imerudia rangi yake. Ncha bado nyeusi. Anasema kuna uzi mmoja bado ndani kabisa, uvimbe ukishuka ndipo utaonekana.

Maneno yanapita kwa kuku mfululizo, maskini, kawa posta. Leo mwenzangu kamwambia: Mkaguzi, mimi mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Waliobaki hakuna aliyejali nimeoga au sijaoga. Kugombezwa sikukuzoea. Neno dogo linanichoma.

Nikaongeza chumvi kwenye beseni. Kisha nikamwambia Mkaguzi: mimi nikinyamaza juu ya mtu, ujue nimeshamtoa moyoni. Ninayemgombeza bado yumo.

Maji yalipoa.

Alhamisi, 14 Machi

Anafungasha. Nasikia masanduku yanaburutwa. Viti viwili vya wateja kavitoa barazani, baraza imebaki kama mdomo wa Kibogoyo.

Kibogoyo kauliza, Bibi, tukiondoka nani atauona ule uzi uliobaki? Nikasema nitavaa miwani miwili. Hakucheka. Kasema, basi twende naye. Nikamgombeza mpaka akakimbilia kwa mama yake.

Kuku hatoki hapa. Hapa kuna banda lake.

Na mguu ukioza kwa macho yangu haya? Basi.

Ijumaa, 15 Machi

Mkokoteni umefika mapema. Mwenye mkokoteni yuko getini anatafuna mswaki. Mkaza mwanangu kasema angoje, kuna mgonjwa anaoshwa kwanza.

Tukakaa kama kawaida. Mimi mabawa, yeye kidole. Uvimbe umeshuka kweli, na ule uzi wa mwisho akauona. Kauinua kwa sindano, kaukata, kauvuta wote mzima, akaniwekea kiganjani. Mwembamba hata sikuuhisi. Ncha ya kidole anasema hajui, inaweza kuanguka, inaweza kubaki. Inataka kuoshwa wiki mbili nyingine, na mtu mwenye macho.

Akafunga kitambaa. Hakuinuka. Akasema: Mkaguzi, muulize Bibi. Kama kuna anachotaka kusema kabla sijapakia, aseme.

Nikavuta pumzi nimjibu kuku. Mara kuku akaona sijui mende sijui nini pembeni ya ukuta, akaniponyoka mapajani, akashuka — na mguu ule akaukanyaga! Kachechemea, lakini kaukanyaga. Akamfuata mdudu wake nyuma ya banda. Akatuacha wawili pale, tunatazamana juu ya beseni, hakuna mtu katikati.

Nikasema ngoja nitafute miwani. Nikaingia ndani.

Miwani ninayo usoni. Yeye ameiona, hana matatizo ya macho.

Dirishani namwona. Amekaa palepale kwenye kigoda, mikono mapajani, inachuruzika maji. Hajaenda kwenye masanduku.

Sentensi ni moja tu. Naiandika kwanza nione inakaaje. Mkaguzi, mwambie — hapana. Mkaguzi hayupo.

Mwanangu, baraza

Mwanangu, hicho chumba

Mwanangu. Hilo linaandikika. Mke wa mwanangu sijamwita hivyo hata mara moja.

Kibogoyo yuko mlangoni. Bibi, mwenye mkokoteni anauliza apakie au asipakie?

Nimemwambia asiguse kitu, natoka.