Preben Alijipunja Alama kwa Ajili Yangu

Mpendwa Mshauri,

Nakuomba unisaidie, na nianze na shukrani maana moyo umenijaa hadi sijui nizipeleke wapi, mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, nafanya kazi katika chuo kikuu kimoja huku Jutland, kwenye ofisi inayowasaidia watafiti kuandaa maandiko ya kuomba ruzuku, tuko watatu tu, mimi, Asgerd na Preben, na mwaka jana tulichoka kugombania nani ana mzigo mkubwa, tukatunga jedwali la ugumu: andiko la mtafiti mmoja alama moja, lenye washirika wa nchi nyingi alama tano, ukifikisha ishirini hupewi jingine. Preben ndiye mkubwa wetu kwa umri, tukamkabidhi alijaze na kugawa kazi kwa niaba ya wote, tulimwamini hatajipendelea.

Februari mama yangu akapatwa na kiharusi, nikawa natoka saa nane mchana kwenda kumlisha, na maandiko yaliyonifikia yakawa mepesi, nikasema bahati hiyo, mama akafariki Septemba nikiwa nimemshika mkono, na saa zile nilizokaa naye sitazisahau. Wiki iliyopita nikafungua jedwali kutafuta jina la mtafiti, nikakuta vijiandiko vyangu vya mtu mmoja vimepewa alama nne nne, na lile la Preben la nchi saba, lililomfanya ale mkate wake mweusi wa mchana mbele ya kompyuta mwezi mzima, limepewa mbili.

Nikamfuata. "Preben, umefanya nini hapa?"

"Nimekosea kuhesabu. Uzee huo."

"Acha utani, kaka."

"Na wewe acha kiherehere, bibie. Mama yako alikula?"

"Alikula."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Nililia pale pale kwenye mashine ya kahawa. Tatizo ni kwamba mkuu wetu, Bi Vibeke, amelisoma jedwali, ameona Preben ndiye mwenye kazi kidogo kuliko wote, na Alhamisi atatangaza kwamba nafasi yake inafutwa. Preben ameniapisha nisiseme. Nikisema ataonekana mdanganyifu, nisiposema anafukuzwa kwa wema wake. Nifanyeje?

Gunvor (si jina langu)

Gunvor,

Pole kwa msiba, na hongera kwa kupata mwenzako wa aina hiyo, wengi wetu tunastaafu bila kukutana naye. Sasa futa machozi tuongee.

Hivi Machi, Aprili, Mei, ulidhani watafiti wote wa Jutland wamekuonea huruma? Unasoma maandiko kila siku, ushindwe kutofautisha jepesi na zito? Ulijua, mama, ila hukutaka kuuliza. Sikulaumu, mwenye mgonjwa anashukuru tu na kuwahi nyumbani. Lakini mgonjwa hayupo tena, na kunyamaza kwako sasa kunamwondoa mtu kazini.

Preben naye nitamsema. Jedwali lilikuwa la watu watatu, na Asgerd hakuulizwa kitu. Angefungua mdomo wangekubeba wote wawili, mchana kweupe.

Kesho asubuhi mwambie Preben unakwenda kusema. Mwambie, usimwombe ruhusa. Kisha kaa na Asgerd, toeni mafaili yenyewe, mpime upya maandiko yote ya mwaka huu, moja baada ya jingine, na jedwali la zamani na jipya yote yafike kwa Bi Vibeke kabla ya Alhamisi. Usijifiche nyuma ya barua pepe. Ingia ofisini kwake useme, "Alikuwa anafanya kazi yangu, nami nilikuwa kwa mama." Halafu mwombe jedwali liwe na mstari wa mfanyakazi anayeuguza, ili atakayefuata asilazimike kufichiwa.

Alama zako zitashuka, wewe ndiye utaonekana una nafasi, na andiko zito litakaloingia litakuwa lako. Preben atataka kulichukua, watu wa namna yake nawajua. Mnyang'anye.