Kipi Kiko Mbali Zaidi

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila ningeanza bila salamu ungeninunia.

Majibu ya vyuo yametoka. Mwanao nimechaguliwa viwili, cha hapa Dodoma na cha Dar. Vyote vikubwa, vyote vya serikali, na kozi ni ileile ya miamba uliyokuwa ukiicheka: "Umesoma mpaka kidato cha sita uje uokote mawe?" Sasa aliyechaguliwa viwili lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Nami wakati wa kuomba nilijaza namba yako, maana mimi simu sikuwa nayo.

Simu yako ilikuwa sandukuni pamoja na khanga zako. Shangazi alilifunga siku tuliyokuzika, na unajua kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka ukoo ukutane kuvigawa. Ukoo umepanga kukutana mwezi ujao. Mwisho wa kuthibitisha ulikuwa Ijumaa hii.

Niliogopa kusema. Nilizunguka jikoni nikiosha vyombo vilivyo safi, Shangazi ananitazama tu. Nilipojikaza nikasema, Baba Mkubwa akakataa kabla sijamaliza, eti sanduku si duka. Shangazi hakubishana naye. Alifungua fundo la khanga yake, akatoa ufunguo. "Wifi yangu hakuwahi kumchelewesha mtu," akasema. Alilifungua, kisha akageukia ukutani nisimwone analia. Nguo zako bado zinanukia wewe, Mama. Nilikaa chini kando ya sanduku.

Tuliichaji simu. Namba ilikuwa imeingia, katikati ya jumbe za watu ambao hawajasikia, wanaokuuliza mbona kimya.

Lakini kilichonitesa hakikuwa namba. Unakumbuka tulipojaza maombi pale steshenari ya Nzuguni, Dodoma mjini, umetoka kliniki, umejifunga kitenge kichwani? Uliuliza, "Kipi kiko mbali zaidi?" Nikasema cha Dar. Ukasema, "Anza na hicho. Ukisoma hapa, kila kichwa kikiniuma nitakuita." Nami nikaongeza cha Dodoma kwa sababu hiyohiyo. Nilitaka uniite.

Sababu ya kwenda na sababu ya kubaki, umeondoka nazo zote mbili.

Nilimuuliza Baba. Alisema nisimwangalie yeye, kichwa kikimuuma atameza dawa alale. Kisha akatoka kwenda kufunga zizi la mbuzi, na zizi lilikuwa limeshafungwa. Wewe ungejua la kumwambia. Mimi nilimpelekea chai.

Alhamisi niliondoka hapa nyumbani Mlali, nikarudi steshenari ileile, nikakaa kiti kilekile. Nilifungua ukurasa wa chuo cha Dodoma, nikaanza kuandika namba, nikaishia katikati. Niliona kwamba nabaki ili niwe karibu kukuuguza, na wewe huumwi tena. Nililia pale, yule dada wa steshenari akajifanya anapanga karatasi. Nikafunga ukurasa, nikafungua wa Dar, nikathibitisha. Sina hakika kama nimepatia. Chuo cha hapa ni kizuri, na Baba amekonda. Lakini nimeanza na kile ulichosema nianze nacho.

Siku hizi kuna treni ya umeme, Dar si mbali kama ulivyodhani. Usinicheke. Nimemwambia Shangazi kama ana nafasi ampitie Baba jioni, na Baba nimemwambia kichwa kikimuuma aniite kabla hajameza chochote.

Pumzika, Mama. Nakuahidi likizo ya kwanza nitakuja kwako kabla sijaingia ndani kuweka begi. Nitakuletea jiwe la huko, niliweke upande wa kichwani pa kaburi lako. Utasema nimesoma mpaka Dar ili nije na jiwe Mlali, kana kwamba huku yameisha.

Sema tu, Mama. Sina tena wa kunisema.

Mwanao