Kobe Hafutwi

Nyumbani, juu ya karakana,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, na zikukute umeshapona hicho kifua. Barua yako iliyopita ilinitia wasiwasi, maana uliandika "nakohoa kidogo tu", nami nakujua: kidogo chako ni cha mtu kulazwa. Je, dawa unazimaliza au unaziacha ukiona nafuu? Usingizi unaupata? Kazini wanakuacha upumzike? Nijibu hayo kwanza, umbea utafuata.

Sisi huku wazima. Mama anatembea vizuri na anagombana vizuri zaidi. Mumeo yupo, anakusalimu. Ameniomba nikuandikie mimi kwa sababu yeye akishika kalamu huandika mistari miwili, kisha anachora waya.

Sasa kaa kitako. Tumeshinda, wifi! Kobe hafutwi!

Ulipoondoka haya yalikuwa hayajaanza, kwa hiyo nianzie mwanzo. Unaikumbuka ile bodi ndogo ya kijani ambayo mumeo huiweka ndani ya kila mashine ya kutotolesha vifaranga anayoiunda, ile tuliyoipa jina la Kobe kwa kuwa ni ya polepole na haifi. Ndani yake mna mfumo endeshi wa bure, wa kuendesha bodi za kila aina, ulioundwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani kote, na yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuurekebisha. Mfumo huo ulikuwa na ugonjwa mmoja. Umeme ukikatika na kurudi, Kobe aliamka akiwa amesahau joto aliloagizwa, na mayai yakapoa. Ndiyo maana kila umeme ulipokatika mlango wetu uligongwa na wateja, huyu analia, yule anatukana, na mumeo anashuka mbio kwenda kuzipanga upya mashine moja baada ya nyingine.

Mwaka huu wale watu waliutibu ugonjwa huo katika toleo jipya. Tukashangilia. Kumbe tumeshangilia mapema, maana haukupita muda msimamizi wao akatangaza kwamba bodi yoyote ambayo ukurasa wake wa maelezo kwenye tovuti yao hauaminiki itaondolewa, na toleo jipya halitaifikia. Kobe alikuwa miongoni mwa za kuondolewa. Mumeo alikaa kwenye benchi akaniambia, "Dada, ndiyo basi tena. Nafunga karakana, nikatafute kazi kwa watu." Wifi, iliniuma. Karakana ile ameijenga kwa mikono yake, wewe ndiye shahidi.

Lakini mimi unanijua, silazi damu. Miaka yote hii niko maktaba ya shule, napanga vitabu vya watu wanaorudisha kila kitu mahali pasipo pake, kwa hiyo fujo hainitishi. Nikajifunga kibwebwe, nikaufungua ukurasa wa Kobe nione kosa liko wapi. Nilicheka mpaka Mama akaja kuuliza kama niko salama. Ukurasa ulisema Kobe ana skrini ya kugusa! Ana spika mbili! Kobe wetu, ambaye hata taa yake ni moja! Na chini kabisa: "Yote nimeyajaribu mwenyewe, hapa mezani kwangu."

Nikafungua ukurasa wa bodi nyingine: skrini ya kugusa, spika mbili, mezani kwangu. Nyingine tena, hivyo hivyo. Nikajiuliza, huyu mtu ana meza kubwa kiasi gani? Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu wa kwanza aliandika ukurasa wa bodi yake, tena kwa ukweli mtupu. Kila aliyemfuata aliunakili, akabadilisha jina la juu, akajiahidi kwamba mengine atayarekebisha baadaye. Baadaye hiyo haikufika. Hawakuwa waongo, ila kuunda kuliwapendeza kuliko kueleza walichokiunda.

Nikamwandikia msimamizi. Wenzake humwita Bwana Bado, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila ombi. Nilimwambia nataka kuzipanga upya kurasa zote, si ya Kobe peke yake. Ukurasa wa mfano uwe mtupu, na kila sehemu ya bodi iandikwe "haijulikani" mpaka mtu aliye nayo mkononi aijaribu, aseme yeye ni nani, ametumia toleo lipi na ameona nini. Tena bodi zipangwe kwa jina lililochapishwa mgongoni mwao, kwa sababu mtu aliyekwama huigeuza bodi na kusoma hapo.

Akakataa. Alidai kurasa zilizojaa "haijulikani" zitatutia aibu na kuwakimbiza wageni. Nikamjibu kwamba mficha uchi hazai, na kwamba aibu tunayo tayari, tumeivalisha skrini ya kugusa tu. Tulibishana siku kadhaa mtandaoni, kila mtu akisoma. Mwishowe akakubali kwa sharti moja. Nianze na Kobe, tumwonyeshe kwa video, umeme ukizimwa na mashine ikiwa kazini kweli. Tukishindwa, Kobe aende na mpango wangu umfuate.

Wakati huo mashine iliyokuwa na mayai ilikuwa ya jirani yetu mshonaji. Nilipomwomba aliruka. "Weee! Mayai yangu si ya majaribio! Yakiharibika mtayaatamia nyie?" Nikamwambia nitayaatamia mwenyewe. Akanitazama kiunoni, akasema kwa kweli nafasi ninayo. Tukacheka, akakubali.

Mumeo aliweka toleo jipya tulilopewa kwa majaribio. Mimi nikashika simu. Jirani ndiye aliyezima swichi kwa mkono wake, kisha akaiwasha. Kobe naye, na uzito wake ule, akajivuta. Kidirisha cha namba cheusi, balbu haiwaki. Jirani alishaanza kumwomba Mungu kwa sauti, na nilisikia jina langu humo ndani. Mara namba zikatokea, joto lile lile lililoagizwa, na balbu ikawaka! Jirani alipiga kelele mpaka cherehani za jengo zima zikasimama.

Nikauandika ukurasa wa Kobe upya kwa mkono huu. Hana skrini ya kugusa. Hana spika. Umeme ukirudi, anakumbuka. Bwana Bado aliusoma, akajibu, "Sawa, abaki." Mumeo naye akapita kwa wateja wote, akaweka toleo jipya katika kila mashine.

Na si Kobe tu, wifi. Mlango ulishafunguka. Watu wazima na heshima zao wakaanza kuandika "haijulikani" kwenye kurasa zao, na wenzao wenye bodi hizo wakajitokeza kuzijaribu. Bodi iliyodhaniwa imekufa ikaamka. Nyingine iliyosifiwa mno ikagundulika haijawahi kuwaka kwa mtu yeyote. Bwana Bado naye amekiri kwamba hata ukurasa wa bodi yake aliunakili. Sasa wamenikabidhi kurasa zote niwe mlezi wake, mimi, mpanga vitabu! Kichwa kimevimba, ndiyo, na kivimbe tu, nimekifanyia kazi.

Wasalimie sana dada yako na yule shemeji yetu mcheshi. Wabusu pacha wote wawili, usimpendelee yule mnene. Mwambie mjomba kwamba

Samahani, nimeacha hapo juu, umeme ulikatika. Hivi sasa umerudi. Mumeo alitoka mbio kama kawaida yake, nikamkuta amesimama ngazini, ameshika kitasa, anasubiri wateja. Tumengoja. Mama naye amekuja, tumengoja wote watatu. Hakuna aliyegonga, wifi. Mtaa mzima mayai yana joto lake, na hakuna hata mmoja anayetuhitaji. Mumeo amekaa chini pale pale ngazini, analia na kucheka pamoja, na anasema nikwambie hivi: "Mwambie mlango uko kimya." Nimekwambia.

Mungu akupe afya, akufungulie njia, akurudishe salama mikononi mwetu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata nikikuchokoza,

Mkutubi