Bado Anataka

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Sisi hapa Likoni hatujambo, ila babu yako ana kikohozi kidogo. Waniuliza wanao wasome nyumbani kwa muda gani kila siku, maana Salma sasa hulia akiona kitabu.

Mimi nilifunzwa kusoma na shangazi yangu, Bi Rukia, kabla sijaingia skuli. Asubuhi moja nilisoma neno zima peke yangu, naye akafunga kitabu.

“Shangazi, bado nataka!”

“Ndiyo maana naacha. Nenda kacheze.”

Niliondoka nimenuna. Kesho yake, alipoamka kuswali alfajiri, alinikuta nimeshakaa jamvini namngoja.

Saa siwezi kukutajia, mwanangu. Uso wa Salma wewe ndiwe uujuaye.

Mungu awahifadhi nyote.

Bibi yako