Nilimwambia mama mkwe darasa limejaa

Mshauri Phoebe, tafadhali nisome hadi mwisho kwa sababu nimefanya jambo ambalo hata mume wangu Clifford sijamwambia. Naitwa Mukai, nahariri video za harusi na matanga hapa River Road, mwaka wa kumi na moja sasa, kazi niliyojifunza kwa kuangalia tu wenzangu wakiifanya, na mwezi ujao naanzisha darasa langu la kwanza la wale wasiojua chochote, kila Jumamosi asubuhi, chumba nimepata Hurlingham, kompyuta tano, viti kumi, na kila somo nimeliandika kwa mkono wangu, kutoka kukata video hadi kuweka sauti, na nikiiangalia ile ratiba ukutani najiona mtu. Sasa juzi akaja mama mkwe wangu, Milcah, wa miaka sitini na tatu, yule ambaye miaka yote amewaambia watu kanisani kwamba mke wa Clifford "anakaa tu kwa kompyuta," akaniambia, "Mukai, niandike jina. Niko na video za mazishi ya mzee kwa simu, nataka kuzipanga mwenyewe." Nikawaza vile atanikosoa mbele ya wanafunzi, nikamjibu, "Pole Mama, darasa limejaa," na viti viwili viko wazi hadi leo. Nikadhani amekasirika, kumbe Jumapili baada ya ibada alisimama mbele ya akina mama akasema, "Darasa la Mukai limejaa mpaka mimi nimekosa nafasi! Huyo msichana anajua kazi!" Wakapiga makofi, Phoebe, nami nikashindwa hata kuinua kichwa. Nifanyeje?

Phoebe anajibu:

Mukai, hongera. Miaka kumi na moja si mchezo, na hilo darasa umelifanyia kazi. Lakini umemfukuza mjane anayetaka kupanga video za mazishi ya mumewe. Hapo umekosea, na unajua.

Usithubutu kumwambia kwamba kuna mtu amejiondoa na nafasi imepatikana. Nenda kwake wiki hii, peke yako, umwambie: "Mama, nafasi ilikuwepo. Niliogopa mdomo wako." Akifoka, vumilia. Naye ana lake la kufikiria, maana huo mdomo hukuuota.

Darasani usimkalishe karibu nawe. Mpe mwenzake asiyemjua, washike kompyuta moja. Na saa ya kwanza usiimalize ukitaja kila kitufe. Mpe kila mtu video fupi akate mwanzo na mwisho, aione kazi yake ikicheza. Za mazishi zisubiri. Aanze na kwaya, au wajukuu wakicheza, mkono uzoee. Siku atakapozifungua zile za mzee, wengine wakiondoka wewe baki naye.

Akikukosoa mbele ya watu, usimjibu kwa hasira. Mwambie kwa heshima, mara moja tu: "Mama, hapa mwalimu ni mimi." Kisha endelea kufundisha.